Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Juu ya Kufundisha Vita vya Maji Maji

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii kwa kawaida hutumika kumsuta mtu mwenye kujipendelea, lakini yafaa vile vile kuwa somo la kwanza la mwanafunzi wa historia, na hasa wa historia ya vita. Maana hakuna jambo ambalo ngozi yake huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko vita. Aliyeshinda huvuta, aliyeshindwa huvuta, aliyekaa kando akitazama huvuta, na hata mjukuu aliyezaliwa baada ya bunduki kunyamaza naye huvuta, kwa kuwa heshima ya babu yake imo ndani ya ngoma hiyo.

Mwalimu anayekusudia kufundisha vita ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kusimulia habari ya upande mmoja, akawafanya wa upande huo kuwa mashujaa wote na wa upande wa pili kuwa waovu wote. Njia hii ni nyepesi, na darasa huipenda. Ya pili ni kusimulia habari za pande zote kisha kuziacha kama bidhaa juu ya meza ya sokoni, kila mwanafunzi achukue aipendayo. Njia hii huonekana kuwa ya haki, walakini ni uvivu uliovaa kanzu ya haki. Ya tatu, iliyo ngumu kupita zote, ni kumwita kila shahidi mbele ya darasa na kumwuliza alisimama wapi, aliona nini kwa macho yake, na alikuwa na haja gani aliposema aliyoyasema. Ubora wa njia hii ya tatu, na taabu yake, vyaweza kuonekana wazi katika mfano mmoja ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili, nao ni Vita vya Maji Maji.

Kwanza yapasa kuyaweka mbele mambo ambayo mashahidi hawayagombanii. Mwaka 1904, huko Ngarambe, kusini ya Mto Rufiji, alitokea mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale, ambaye watu walimwamini kuwa amepagawa na pepo wa Hongo. Aligawa maji yaliyochanganywa na dawa, na habari ikaenea kwamba mwenye kuyapata hatadhuriwa na risasi za Wazungu. Wakati huo watu wa pwani ya kusini na bara yake walikuwa chini ya mzigo mzito. Kulikuwa na kodi ya kulipwa kwa fedha, kulikuwa na maakida waliotumwa kutoka pwani kuwatawala watu wasio wao, na tangu mwaka 1902 kulikuwa na mashamba ya pamba ya serikali, ambayo kwa kanuni kila mwanamume alitakiwa kuyafanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa haba hata pengine watu walikataa kuyapokea.

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi waling'oa mimea ya pamba. Tendo lenyewe lilikuwa dogo, lakini kila aliyeliona alijua maana yake. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, walakini vita havikufa pamoja naye. Katika mwezi huo huo boma la Liwale lilianguka, na tarehe 14 Askofu Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini aliuawa njiani pamoja na wenzake wanne. Tarehe 30 maelfu ya watu walilishambulia boma la Mahenge wakafyekwa kwa bunduki za rashasha. Septemba Wangoni wakaingia vitani. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa Songea. Mapigano ya msituni yaliendelea hata mwaka 1907, na nyuma yake ikafuata njaa kubwa.

Hayo ndiyo mambo. Sasa waitwe mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni mshindi mwenyewe. Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani tangu mwaka 1901 mpaka mwaka 1906, alichapisha mjini Berlin mwaka 1909 kitabu juu ya vita hivyo. Ni kitabu cha mtu mwenye elimu na mwenye nyaraka mkononi. Kina tarehe, kina majina ya maofisa, kina njia za vikosi. Mwanafunzi asiyekisoma atakosa mengi. Lakini na aulize: mwandishi huyu alikuwa na haja gani? Alikuwa gavana ambaye vita vililipuka chini ya utawala wake na kuwagharimu Wajerumani fedha na sifa. Huko Ujerumani, katika bunge, walikuwako wajumbe waliosema kwamba kosa ni la utawala, ni la kodi na kazi za kulazimishwa. Kwa mtu wa namna hiyo, maelezo ya kwamba uasi uliletwa na waganga walaghai na wakuu wenye njama, waliotaka kuirudisha nyuma saa ya ustaarabu, yalikuwa na faida kubwa. Yakiwa hayo ni kweli, gavana hana lawama.

Hapa mwanafunzi hujifunza jambo la thamani. Si kwamba Götzen alisema uongo tupu, maana waganga walikuwako na maji yalikuwako. Ila alichagua katika sababu nyingi ile iliyomwacha yeye nje ya kesi. Tena hujifunza kwamba upande mmoja si mdomo mmoja. Wajerumani wenyewe walibishana juu ya vita hivi kwa ukali. Mwalimu asemaye "Wajerumani waliona hivi", akakomea hapo, amekwisha kuwafanya watu wengi kuwa mtu mmoja, na kosa hilo atalirudia atakaposema "Waafrika waliona hivi."

Shahidi wa pili anatoka pwani, naye anasema kwa vina na mizani. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji. Ulichapishwa mwaka 1933 kwa jitihada ya mtaalamu wa Kijerumani, A. Lorenz, kisha ukachapishwa tena mwaka 1957, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Huyu si Mzungu, wala si mpiganaji wa msituni. Ni Mswahili wa mji, na vita vilipoanza mji wake ulikuwa mahali pa kukimbilia na mahali pa kutishwa kwa wakati mmoja. Msomaji atafutaye katika utenzi huu sauti moja ya Mwafrika dhidi ya mkoloni atashangaa, kwa kuwa mtu wa mji wa pwani hakuwatazama watu wa bara kama ndugu zake katika shida moja. Maakida waliochukiwa na wakulima walitoka katika miji kama hiyo, na biashara ya miji hiyo ilitegemea amani ya njia za bara.

Mwanafunzi mwenye haraka atasema kwamba mshairi kama huyu ni kibaraka, amfungie kitabu. Mwalimu mwema atamzuia mkono. Atamwuliza: kama ungalikuwa na duka Lindi mwaka 1905, na mke na watoto nyumbani, nawe wasikia usiku kwamba wapiganaji wako karibu, ungaliwaita jina gani? Swali hili halikusudiwi kumfanya mwanafunzi akubaliane na mtu wa Lindi. Lakusudiwa kumfanya aone kwamba mipaka ya vita haikupita baina ya weusi na weupe peke yake. Ilipita pia baina ya mji na shamba, na baina ya akida na mkulima wa kijiji kile kile.

Shahidi wa tatu ni wakati uliofuata. Mwezi wa Desemba 1956, Julius Nyerere alisimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa kuidai haki ya Tanganyika, akavitaja Vita vya Maji Maji. Alieleza kwamba watu walipigana kwa kuwa hawakuamini kwamba mzungu ana haki ya kumtawala na kumstaarabisha mweusi, na kwamba waliinuka kwa wito wa asili wala si kwa kiapo cha ushirikina. Katika maneno hayo vita vilitoka katika nyumba ya uchawi, alimoviweka Götzen, vikaingia katika nyumba ya haki. Hapana shaka kwamba jambo hilo lilikuwa kubwa, na kwamba lilisahihisha dhuluma ya nusu karne. Lakini shahidi huyu pia alikuwa na haja. Alikuwa akijenga taifa, na taifa linalojengwa huhitaji mababu waliosimama pamoja. Kuutambua uhitaji huo si kumvunjia heshima. Ni kumtendea kama shahidi mzima, si kama picha ya ukutani.

Ndipo likaja jaribio lililo zuri kuliko yote katika mafundisho ya historia ya nchi hii. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu kilichokuwako Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walimu wa historia walianzisha mradi wa kuchunguza Vita vya Maji Maji. Miongoni mwao walikuwa John Iliffe, ambaye mwaka 1967 alikuwa ameandika makala mashuhuri juu ya jinsi vita vilivyopangika, na Gilbert Gwassa, ambaye baadaye, mwaka 1973, alitoa tasnifu yake juu ya kuzuka na kukua kwa vita hivyo. Wanafunzi hawakuambiwa wakae maktabani tu. Walitumwa katika wilaya za vita, wakae mikekani na wazee, waulize na waandike. Masimulizi yao yalikusanywa mwaka 1969. Wawili kati ya watafiti hao, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, walitoa mwaka huo kitabu juu ya vita hivyo katika nchi ya Ungoni.

Na ihesabiwe kidogo. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati pamba ilipong'olewa Nandete alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Mlango ulikuwa unafungwa. Miaka kumi mbele, wengi wa wazee hao wasingalikuwako tena. Kwa hiyo wanafunzi wale walifanya kazi ambayo hakuna mwingine ataweza kuifanya tena. Yaliyoandikwa yalionyesha mambo ambayo nyaraka za boma zilikuwa hazina: jinsi habari ya maji ilivyopita kwa minong'ono kutoka kijiji hata kijiji, jinsi watu walivyokwenda Ngarambe kwa makundi, na uchungu wa kufanya kazi katika shamba la pamba ilhali mpunga wa nyumbani unaliwa na ndege na nguruwe.

Lakini hata hazina hii yapasa kuhojiwa, na hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu ni rahisi kumshuku gavana kuliko kumshuku mzee mwenye mvi. Mzee aliyehojiwa mwaka 1968 alikuwa akikumbuka mambo ya miaka 63 iliyopita. Katikati ya miaka hiyo palikuwa na vita viwili vya dunia, utawala wa Waingereza, Uhuru wa mwaka 1961 na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Aliyekuja kumwuliza alikuwa kijana wa Chuo Kikuu, mtoto wa taifa jipya, mwenye daftari. Je, mzee huyo hakujua ni jibu gani lingempendeza mgeni wake? Tena waliohojiwa wengi walikuwa wanaume. Na yule ambaye baba yake aliwaongoza askari wa Kijerumani njiani, alikuwa na sababu gani ya kuleta kiti na kusimulia?

Hilo la mwisho ndilo jambo zito kuliko yote. Si watu wote wa kusini waliojiunga na vita. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Ulanga, alisimama upande wa Wajerumani, na watu wake walisaidia katika ulinzi wa Mahenge. Merere wa Usangu naye alikuwa upande huo huo. Wahehe, waliokuwa wamepigana na Wajerumani miaka mingi mpaka kufa kwa Mkwawa mwaka 1898, kwa sehemu kubwa hawakuinuka safari hii. Na wale waliobeba bunduki chini ya bendera ya Kijerumani wengi wao walikuwa Waafrika. Katika hesabu ya waliokufa upande wa serikali, inayotajwa sana katika vitabu, Wazungu ni 15, askari ni 73, na wasaidizi wa Kiafrika ni 316.

Mwanafunzi akiziona tarakimu hizo hutafuta neno, na neno lililo karibu ni "msaliti." Neno hilo laonekana kuwa jibu, kumbe lafunga swali. Msaliti ni mtu anayevunja ahadi aliyoitoa, na Kiwanga hakuwa ametoa ahadi yoyote kwa watu wa Umatumbi. Taifa ambalo wangaweza kulisaliti lilikuwa halijazaliwa. Jamie Monson, katika makala ya mwaka 1998, alionyesha kwamba katika nyanda za juu za kusini uchaguzi wa nani ajiunge na nani asijiunge ulitokana kwa kiasi kikubwa na urafiki na uadui wa zamani, uliokuwako kabla ya Mjerumani kuja. Mtawala aliyekuwa ameonewa na jirani yake kwa miaka ishirini aliweza kumwona jirani huyo kuwa hatari kubwa kuliko mgeni wa boma. Huenda alikosea katika hesabu yake. Lakini mwanafunzi hataweza kulijua kosa hilo asipoifahamu kwanza hesabu yenyewe.

Hata ndani ya kabila moja ngozi ilivutwa pande mbalimbali. Juu ya Ungoni, Patrick Redmond aliandika mwaka 1975 kwamba yapasa kuyapima upya yaliyosemwa. Kwa rai yake, jamaa ya watawala wa Kingoni walipigana kwa kuwa Mjerumani aliwapokonya cheo, watumwa na mapato, hali watu waliokuwa chini yao hawakuwa na sababu ile ile ya kuyatamani mambo ya zamani yarudi. Yawezekana rai hiyo ikabishaniwa, na imebishaniwa. Walakini inamlazimisha mwanafunzi kuuliza swali ambalo neno "ukombozi" likisemwa kwa haraka hulificha: ukombozi wa nani, na kutoka kwa nani?

Naye Thaddeus Sunseri, katika makala ya mwaka 1997 juu ya Uzaramo, aliwatazama watu ambao masimulizi ya vita huwasahau. Wanaume wengi walikuwa mbali kwa kazi za serikali na za Wazungu. Nguruwe wa mwitu waliharibu mashamba, na sheria za misitu na uwindaji ziliwazuia watu kuwapunguza. Aliyebaki kijijini kulinda shamba na kulisha watoto ni mwanamke. Kwa mwanamke huyo, dawa ya maji iliweza kuwa dawa ya shamba na ya mvua kabla ya kuwa dawa ya risasi. Vita vinavyoonekana kuwa vya mikuki na bunduki kwa aliyetazama kutoka bomani, vyaonekana kuwa vya chakula kwa aliyetazama kutoka jikoni.

Na chakula ndicho kilichoviamua vita hivi. Mwaka 1905 ofisa mmoja wa Kijerumani, von Wangenheim, alimwandikia mkubwa wake kwamba kwa maoni yake silaha peke yake hazitatosha, na kwamba njaa tu ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Hayo yalitendeka. Vijiji vilichomwa moto, nafaka zilichukuliwa au kuharibiwa, na watu walizuiwa kupanda. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Gwassa alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata.

Tarakimu hizi mbili ni somo kamili kwa mwalimu mwenye busara. Mwanafunzi mmoja atachukua ile ndogo, kwa kuwa ni ya serikali iliyokuwako. Mwingine atachukua ile kubwa, kwa kuwa inaonyesha ukubwa wa dhuluma. Mwalimu na awaulize wote wawili: nani alihesabu, alihesabu nini, na alikomea wapi? Anayehesabu waliouawa vitani atapata jumla moja. Anayehesabu pia mtoto aliyekufa mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa mama yake hakuwa na mbegu ya kupanda, atapata jumla nyingine. Hapo mwanafunzi huona kwamba tofauti hiyo si ya hesabu tu. Ni ya maana ya neno lenyewe: je, yule mtoto aliuawa na vita au la?

Jambo hilo ndilo linaloipa njia ya tatu haki ya kuitwa njia. Maana atatokea msomaji atakayeuliza: ikiwa kila shahidi ana haja yake, si yatakuwa yote sawasawa? Ikiwa Götzen alivuta ngozi, na mshairi wa Lindi akavuta, na mwanasiasa akavuta, na mzee wa kijiji akavuta, basi ukweli uko wapi? Swali ni la haki, na mwalimu asiyeweza kulijibu asiingie darasani na mashahidi wengi. Jibu ni kwamba kuhoji mashahidi wote si kuwaamini wote sawa. Kadhi huwasikiliza wadai wawili kwa sikio moja, lakini hatoi hukumu mbili. Nyumba zilichomwa. Nafaka ziliharibiwa kwa amri. Kinjikitile alinyongwa. Pamba ililimwa kwa kulazimishwa. Haya hayabadiliki kwa kubadilika kwa msimulizi, na kati ya aliyeamuru njaa na aliyekufa kwa njaa hapana usawa wa lawama. Kuelewa kwa nini ofisa aliona njaa kuwa njia ya mkato si kumsamehe. Tena lawama ya mtu aliyeeleweka ni nzito kuliko ya mtu aliyetukanwa tu, kwa kuwa aliyeeleweka huonekana kuwa mtu kama wengine, aliyeweza kuchagua jingine.

Kwa hiyo mwalimu aweza kulipanga somo lake kwa njia nyepesi. Achague jambo moja, mathalani maji yenyewe. Kwa Götzen maji ni ushirikina. Kwa aliyekwenda Ngarambe ni dawa na ni ahadi. Kwa Iliffe ni imani iliyowapa watu wa makabila mbalimbali sababu ya kutenda pamoja, ikiungana na dhiki ya wakulima na mipangilio ya kikabila iliyokuwako. Kwa Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia ya "Kinjeketile" iliyochapishwa mwaka 1969, maji ni neno ambalo likisha kutoka kinywani hukua kuliko aliyelisema, hata yeye mwenyewe akaanza kulitilia shaka, naye mwishoni akakataa kulikana mbele ya adui. Hussein aliwaonya wasomaji wake kwamba Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia. Mwalimu asilisahau onyo hilo, maana wako wanafunzi wanaoikumbuka tamthilia na kuiita ushahidi.

Darasa likiwa na maelezo hayo manne, mwalimu asiulize ni lipi la kweli. Aulize kila moja linajibu swali gani. Götzen anajibu swali la nani alaumiwe. Aliyekunywa maji anajibu swali la jinsi gani mtu atapona. Iliffe anajibu swali la jinsi gani watu wasio na mfalme mmoja waliweza kupigana vita vimoja. Hussein anajibu swali la kiongozi na neno lake. Mwanafunzi akisha kuyatenga maswali, ndipo ataona ni wapi mashahidi wanapingana kweli, na ni wapi walikuwa wakizungumza mambo mbali mbali huku wakitumia neno moja.

Kisha mwalimu awaambie wanafunzi waandike yale wasiyoyapenda. Anayetoka katika ukoo wa wapiganaji aeleze, kwa haki na bila dhihaka, kwa nini Kiwanga alifanya alivyofanya. Anayetoka katika ukoo uliosimama na boma aeleze kwa nini mkulima wa Nandete aling'oa pamba hali akijua kwamba atafuatwa na bunduki. Zoezi hili si mchezo. Katika darasa moja huweza kukaa mjukuu wa aliyenyongwa na mjukuu wa aliyeshika kamba, na aghalabu hawajui. Mwalimu atakayelifanya darasa lake mahali ambapo wote wawili wanaweza kusema, pasipo mmoja kunyamazishwa kwa neno "msaliti" wala mwingine kuchekwa kwa neno "mshirikina," atakuwa ameitumikia nchi kuliko mwalimu aliyewafundisha wote kuimba sifa kwa sauti moja.

Wako watakaoogopa kwamba mafundisho haya yatadhoofisha umoja. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa nchi nyingi zimeangamizwa na visasi vya zamani vilivyofundishwa kama historia. Lakini visasi havikufundishwa kwa kuhoji mashahidi wote. Vilifundishwa kwa kumsikiliza mmoja. Umoja unaosimama juu ya habari iliyofichwa hutikisika siku habari inapofichuka, na habari ya vita hufichuka daima, maana kaburi haliwezi kuhamishwa kama kitabu.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akasimama mahali palipozikwa waliouawa, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wa pale. Miaka 117 ilikuwa imepita tangu kamba zile zifungwe. Siku ile nayo sasa ni shahidi, na wanafunzi watakaokuja watauliza alisimama wapi aliyesema, alikuwa na haja gani, na ni nani waliokuwa pale kumsikia. Waulize. Na wakisha kumhoji mgeni, warudi nyumbani wakamhoji na babu yao kwa adabu ile ile na kwa ukali ule ule. Aliyejifunza kufanya hivyo huvijua vita vilivyopita, na watu watakapomjia na neno moja tu juu ya vita vijavyo, atawataka waketi chini kwanza wajibu maswali.